Shimo la Karo

Karo yangu ya mwaka wa kwanza chuoni ilitoka ardhini, na simaanishi mahindi. Nyanya alimkodishia mtu wa mawe kipande cha shamba nyuma ya nyumba yake, kule Kilifi. Mawe yakakatwa, yakapakiwa kwenye malori, yakaenda kujenga ploti Mombasa. Mimi nikaenda kusoma. Mwaka wa pili sikuumaliza. Sababu ni nyingi, nyingine za aibu, tuziache. Chuo nikakiacha, timbo likabaki.

Timbo lililoachwa si mchezo. Sakafu nyeupe inachoma macho saa sita mchana, kuta zimekatwa wima, na mvua ikinyesha maji yanatuama, rangi ya maziwa. Watoto wanayapenda hayo maji. Nyanya anawafukuza kwa fimbo, kwa sababu anajua mashimo kama hayo hufanya nini kwa watoto wasiojua kuogelea.

Mwaka huu nilipoenda kumsalimia nikajitia ujuzi. "Usijali nyanya, tutapanda miti. Patakuwa kama Bamburi."

Akanitazama. "Na mwembe wangu?"

Mwembe ulikuwa hapo kabla ya mashine kuja. Kitovu cha mamangu kilizikwa chini yake.

Nilikuwa nimetaja Bamburi kwa sababu ni hadithi nzuri, na ni ya kweli. Kiwanda cha saruji kilianza kazi huko miaka ya 1950, kikila mawe ya matumbawe hadi pakabaki jangwa karibu na bahari. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, akaanza kupanda miti kwenye mwamba huo mtupu. Alijaribu aina 26, nyingi zikafa. Mvinje ukakubali, kwa sababu mizizi yake hukaa na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hausubiri udongo mnono. Lakini majani yake yalianguka yakakaa tu, hayaozi, na bila kuoza hakuna udongo. Ndipo akamwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyatafuna. Jongoo wakakusanywa, wakaletwa kwa wingi. Wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Sisi tuliolelewa kumtupa jongoo na mti wake, kumbe mwenzetu alikuwa anamtafutia mti!

Leo pale ni Haller Park. Kuna twiga, mamba, kivuli, watoto wa shule na sare zao. Nimepiga picha pale kama kila mtu. Na swali la nyanya limeniharibia picha hizo.

Tuseme umevunja sahani ya jirani, ile aliyoachiwa na mamake. Kesho yake unamletea bakuli jipya, zuri kuliko sahani. Analipokea, maana chakula kinahitaji chombo. Umelipa? Nadhani umefanya ulichopaswa kufanya, na bado hujarudisha kitu. Lakini sisi maneno hayo mawili tunayachanganya: tukiona miti tunasema ardhi imerudi.

Sisemi miti isipandwe. Anayesema hivyo hajawahi kukaa karibu na timbo. Kati ya msitu wa mivinje na shimo la maji meupe, nani atachagua shimo? Kinachonisumbua ni ahadi inayotolewa kabla ya kuchimba. Ukishajua kwamba mwisho patakuwa kijani, mkono unakuwa mwepesi kutia sahihi. Hata mimi, ile siku ya makubaliano, ndiye niliyemwambia nyanya shimo litafukiwa tu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilikuwa nataka karo.

Kule Kwale, uchimbaji wa titani ulisimama Desemba 2024. Familia za Maumba na Nguluku zilihamishwa ili mchanga wao uchimbwe. Juu ya mchanga huo miti inaweza kuota, tena vizuri. Lakini mtoto aliyezaliwa baada ya kuhama ukimpeleka kwenye miti hiyo, utamwambia ni kwao au utamwambia palikuwa kwao? Mimi nimelijaribu swali hili mara nyingi na kila mara nahama upande.

Mwezi uliopita nilipata hela ya makala fulani, nikanunua miche 12 ya mvinje, nikaipeleka kwa matatu, miche ikiwa mapajani. Nilishuka timboni na sururu. Kutoboa mwamba kwa mtu wa kuandika ni adhabu. Kufikia adhuhuri nilikuwa na mashimo 4 na malengelenge. Nyanya alikuwa amesimama juu, ukingoni, na mwavuli wake.

Nikamuuliza mwembe ulikuwa upande gani, nianzie hapo.

Akanyoosha kidole mbele yake, sawasawa. Nikafuata kidole. Kilikuwa kinaonyesha hewa, juu kabisa ya kichwa changu.

"Hapo," akasema.

Nikapanda mche chini yake.