Hata Kama Ni Kweli?



Jumuiya yetu inatengeneza filamu ya makala juu ya maisha ya mwanafunzi Mwislamu wa chuo kikuu hapa Bujumbura. Nia ni kuwaonyesha wazazi na wafanyabiashara wa Buyenzi, ili mfuko wetu wa kusaidiana upate nguvu. Mimi nimepewa kazi ya kuwahoji wenzetu waliopanga vyumba Gasenyi. Mmoja wao alieleza mbele ya kamera kwamba siku nyingi anakula mara moja tu, jioni, na kwamba akifunga Jumatatu na Alhamisi hajui tena kama ni sunna au ni njaa. Hakuna sehemu nyingine tuliyorekodi inayogusa moyo kama hiyo. Ruhusa alitupa. Swali langu ni hili: je, inatosha?

Jibu la haraka ni kwamba alichosema ni kweli, na ukweli hauna ubaya. Lakini sisi tumefundishwa vingine. Mtume (s.a.w.) alipoeleza maana ya ghiba, alibainisha kuwa ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia, hata kama analo kweli. Likiwa la uongo, hilo ni kosa jingine, ni kumzulia. Kwa hiyo kwetu ukweli haufungi mjadala. Hapo ndipo mjadala unapoanza.

Jibu la pili ni kwamba mwenyewe alikubali. Ni kweli alikubali, akiwa amekaa mkekani na marafiki wanne. Hakuwa mbele ya mama yake, wala mbele ya mzee atakayekwenda kumposea binti yake, wala mbele ya mwajiri wa miaka kumi ijayo. Tena aliyemuomba ruhusa ni jumuiya ileile inayomsaidia. Mtu anayetegemea mfuko wako ana uhuru kiasi gani wa kukwambia hapana? Sura ya Al-Baqara, aya ya 273, inawataja wahitaji ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Kujizuia huko kumesifiwa na Mola wao. Na aya ya 264 inatuonya kwamba sadaka hubatilishwa kwa masimbulizi na maudhi. Kumfanya mtu alipe chakula chake kwa uso wake kunakaribia sana masimbulizi.

Hata hivyo, kunyamaza nako kuna dhambi yake. Tukionyesha majoho ya mahafali na tabasamu tu, tutakuwa tumedanganya. Mgeni akifika Gasenyi ataonyeshwa ikulu mpya ya Ntare Rushatsi. Vyumba vya wanafunzi hataonyeshwa. Tangu amri ya serikali ya mwaka 2017, fedha ambazo zamani mwanafunzi alipewa kama msaada zimekuwa mkopo, na wengi wanahesabu kila faranga. Njaa ambayo kila mmoja anaificha chumbani kwake inabaki kuwa aibu yake peke yake. Ikisemwa, inakuwa jukumu letu sote.

Wanazuoni hawakutuacha gizani hapa. Imamu Nawawi alitaja mambo sita yanayoruhusu kumtaja mtu kwa asilolipenda, mojawapo likiwa ni kutaka msaada wa kuondoa uovu. Wanazuoni wa hadithi nao walitaja wazi udhaifu wa wapokezi ili kuilinda dini. Lakini walifuata mpaka: kinachoruhusiwa kwa haja hukoma pale haja inapokoma. Basi tujiulize, haja ya mfuko wetu ni nini? Ni watu wajue kwamba njaa ipo. Kujua ni ya nani si haja.

Mwenzangu mmoja wa kamati ananipinga: filamu isiyo na uso haitoi machozi, na bila machozi hakuna michango. Huenda ana haki kuhusu michango. Lakini kama mioyo yetu haifunguki mpaka tumwone ndugu yetu amedhalilika, huo ni ugonjwa wetu, na filamu ya namna hiyo itaulisha.

Léonce Ngabo, katika filamu yake *Gito l'ingrat* ya mwaka 1992, alituonyesha Mrundi aliyesoma Paris anayerudi nyumbani akiamini cheo kikubwa kinamsubiri. Tunamcheka Gito, tunajiona ndani yake, na hakuna jirani aliyeaibika, kwa kuwa Gito ni wa kubuni. Sisi tunaopiga picha watu halisi hatuna sitara hiyo. Inabidi tuishone wenyewe.

Namna ya kuishona ipo. Miaka ya 1950, Mfaransa Jean Rouch aliirudisha filamu yake ya uwindaji wa viboko kwa wavuvi wa Ayorou, Niger, aliokuwa amewapiga picha. Waliitazama, wakamkosoa: kwa nini umeweka muziki wakati wa kuwinda? Kiboko angesikia, angekimbia! Waliopigwa picha walijua zaidi ya mpiga picha.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati ni hili. Kila tuliyemrekodi aitazame sehemu yake ikiwa imeshahaririwa, kabla ya mtu mwingine yeyote. Anayemuuliza asiwe kiongozi wa mfuko, na jibu lake lisiguse msaada wake. Akikataa, asidaiwe sababu. Akikubali ionyeshwe ukumbini, hiyo isihesabiwe ruhusa ya kuitawanya kwenye simu, maana video ikishaingia WhatsApp hakuna wa kuirudisha. Na mpaka atakapoamua hivyo, sauti yake ibaki na uso wake utoke. Akiiona na kusema, "Nionyesheni, nataka kusema mwenyewe," basi huo ni ushahidi wake, nasi tuubebe kama amana.

Kamati itakutana Ijumaa baada ya swala. Mwenye hoja ya kinyume aje nayo, tuipime pamoja.

Wabillahi tawfiq.