Kabla hatujasema "ni dharura"

Mwaka jana nilitoa jibu la kidini kwa muda usiozidi dakika mbili, na jibu hilo likanikosesha raha kwa wiki kadhaa.

Mzee mmoja, fundi wa madirisha ya vioo, baba wa mwanafunzi wangu wa kidato cha nne, alikatwa na kioo chini kidogo ya kiwiko. Jeraha lilishonwa likafunga, lakini kidole cha mwisho na kile cha pete vikafa ganzi, na vikaanza kujikunja. Mshipa wa fahamu, au neva kama wanavyoiita madaktari, ulikuwa umekatika, na ncha zake mbili zimeachana kiasi cha sentimita mbili. Mzee alinijia na karatasi ya makadirio kutoka hospitali moja ya India. Humo kulikuwa na kibomba kidogo cha kuunganisha ncha hizo, na maelezo yake yalisema kimetengenezwa kwa utando wa utumbo wa nguruwe. "Ustadh, inanifaa hii?" Nikamwambia, "Mzee wangu, hii ni dharura. Nenda." Karatasi yenyewe sikuisoma mpaka mwisho.

Kesho yake binti yake alinisubiri baada ya kipindi. Kwa adabu kabisa akasema: "Samahani Ustadh, ni dharura kwa sababu hakuna kingine, au kwa sababu hatujauliza?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikaenda kusoma.

Neva ni mfano wa kebo ya simu: nje ganda moja, ndani nyuzi nyingi nyembamba. Mwaka 1850 mtaalamu wa Uingereza, Augustus Waller, alikata neva za ulimi wa chura akaona kwamba upande uliotengwa na chimbuko lake huchakaa na kuoza. Upande wa juu hubaki hai, na kwa rehema za Allah (s.w.) huanza kuchipua upya. Huenda taratibu, kiasi cha milimita moja kwa siku. Ncha zikiwa zinagusana, daktari hushona, na machipukizi hupenya. Zikiwa zimeachana, machipukizi hutoka bila kujua pa kwenda, hujikunja yenyewe kwa yenyewe, na mara nyingi huacha kivimbe kinachouma. Neva haihitaji kusukumwa. Inahitaji kitu cha kutambaa juu yake, kama mpasheni unavyohitaji waya.

Jambo hili si geni. Huko Marekani, Ross Harrison, ambaye mwaka 1907 aliuona uzi wa neva ukikua nje ya mwili, alieleza mwaka 1914 jinsi chembe changa za chura zinavyofuata uzi wa buibui zikiwekwa juu yake. Leo wataalamu hutengeneza nyuzi kama hizo kwa makusudi. Huyeyusha plastiki ya aina inayokwisha mwilini, huipitisha kwenye sindano, na umeme wa nguvu kubwa huivuta ikawa nyuzi nyembamba kuliko unywele mara nyingi, zikitua juu ya gurudumu linalozunguka. Kuzunguka huko ndiko kunakozilaza nyuzi upande mmoja. Zikilala upande mmoja, neva hukua imenyooka. Zikitupwa ovyo, nayo huzurura. Nilipoziona picha zake nilikumbuka mistari ya mazulia msikitini, jinsi watoto wanavyojipanga safu bila kuambiwa.

Basi nyuzi au viunzi hivi hutokana na nini? Hapa ndipo nilipoona haya. Njia ya kwanza, na bado ndiyo inayotegemewa zaidi pengo likiwa refu, ni kuchukua neva ya mgonjwa mwenyewe kutoka nyuma ya mguu. Gharama yake ni ganzi ukingoni mwa unyayo. Vipo vibomba vya kolajeni ya ng'ombe, ambavyo Marekani iliviruhusu tangu mwaka 2001. Vipo vya plastiki ya jamaa moja na nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe. Na huko Hannover, Ujerumani, watafiti walieleza mwaka 2011 kwamba walitumia nyuzi za buibui kuziba pengo la sentimita 6 kwenye neva za kondoo, na neva zikapita. Sura nzima ya Qur'an imepewa jina la mdudu huyu, na nyumba yake imepigiwa mfano wa udhaifu. Lakini uzi mmoja wa nyumba hiyo dhaifu unaiongoza neva hadi ng'ambo! Jamaa zake wakubwa wa rangi ya dhahabu wanatanda kwenye miti ya pwani yetu hii.

Hicho cha nguruwe kilikuwa kimojawapo tu kati ya hivyo. Na pengo la mzee lilikuwa la sentimita mbili.

Turudi kwenye fiqhi. Wanaodhani dini yetu inaogopa kutengeneza kiungo cha mwanadamu hawajasikia habari ya sahaba Arfaja bin As'ad. Alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha, ikatoa harufu, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aweke ya dhahabu. Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam waliruhusiwa kuvaa hariri kwa sababu ya upele. Dhahabu na hariri, vyote viwili haramu kwa wanaume, vikaruhusiwa kwa ajili ya mwili. Lakini tazama: Arfaja alianza na fedha. Dhahabu ilikuja baada ya fedha kushindwa.

Imam Nawawi, ambaye Minhaj yake inasomeshwa katika vyuo vyetu vya madhehebu ya Shafi, amelizungumzia jambo linalokaribiana sana na hili: mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi. Ikiwa alikosa kilicho tohara, anasamehewa. Ikiwa kilikuwepo akakiacha, hukumu inabadilika. Udhuru wote umesimama juu ya kukosa, na huwezi kusema umekosa kitu ambacho hukukitafuta.

Atasimama mtu aseme: Ustadh, umesahau istihala, kwamba najisi ikigeuka kuwa kitu kingine hukumu yake nayo hugeuka. Sikusahau. Wanachuoni na matabibu waliokutana Kuwait mwaka 1995 walitumia hoja hiyo kuhusu jelatini, na wapo waliowapinga. Lakini utando huu una habari tofauti. Huoshwa chembe zake zote, kisha mfumo wa nyuzi za utumbo huachwa kama ulivyokuwa, kwa sababu mfumo huo ndio unaotakiwa. Thamani yake ni kule kutogeuka kwake. Basi tutasemaje umegeuka? Kwangu mimi hoja ya istihala hapa haishiki, na anayeona vinginevyo anielimishe.

Najua pia upande wa pili. Msuli uliokosa neva haungoji fatwa. Ukipita mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, hata neva ikifika hukuta msuli umekwisha. Mgonjwa anayezungushwa kwa masheikh watatu wanaojadiliana anaweza kupoteza mkono kwa uchamungu wa watu wengine. Na yupo masikini ambaye mezani amewekewa kitu kimoja tu, achukue au aache. Huyo simgusi. Huyo ndiye aliyekosa kweli, na Nawawi amekwisha kumsamehe. Nawasema wenye nafasi ya kuuliza: daktari anayejua kibomba kimetoka kwa mnyama gani akanyamaza kwa kuogopa usumbufu, na mwalimu kama mimi anayefungua mlango wa dharura kabla ya kujaribu milango mingine. Ajabu ni kwamba neno lililowekwa kwa ajili ya mtu aliyebanwa, mimi nililitumia kwa sababu nilikuwa na haraka ya kipindi cha saa nne.

Nilimrudia mzee nyumbani kwake, nikamwomba radhi mbele ya binti yake, nikamweleza nilivyosoma. Akacheka: "Basi piga simu, mwanangu, si wewe unayejua Kiingereza?" Kupata majibu kulichukua siku mbili. Daktari wa kule hakuona tabu yoyote. Alisema kwa pengo lile angeweza kuchukua neva ya mguu wa mzee mwenyewe, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa ni mwezi wa saba tangu apasuliwe. Unyayo wake una ganzi pembeni, analalamika kandambili inamtoka bila yeye kujua. Vidole viwili bado vimelala. Lakini kila baada ya alasiri hukaa barazani, hugonga mkono wake kwa kidole kuanzia kiwikoni kushuka, na anapofika mahali akasikia kama shoti ya umeme huweka alama ya kalamu. Wiki iliyopita alama ilikuwa vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono.