Mvuke Uliorudi Motoni

Somo: Luka 24:49



Katika somo hili Bwana wetu awazuia wanafunzi wake wasitoke Yerusalemu upesi, bali wangoje kwanza uwezo utokao kwa Mungu. Lakini watu hao walikuwa wamekwisha kumwona akiwa hai. Habari njema walikuwa nayo, na furaha walikuwa nayo. Kwa nini basi wazuiliwe?

Nataka kulieleza jambo hili kwa mfano wa gari la moshi, kwa kuwa sisi tukaao karibu na Kigoma tu watu wa mwisho wa reli. Reli yetu ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika ziwani mwaka 1914. Siku hizi mabehewa huvutwa na injini za dizeli, lakini wazee wetu waliyaona miaka mingi yakivutwa kwa nguvu ya mvuke.

Mvuke utokao moja kwa moja katika maji yachemkayo ungali na unyevu. Ukiingia hivyo katika silinda na kukuta chuma kilichopoa, sehemu yake hugeuka kuwa maji tena. Kuni zimeteketea, moshi umeonekana, kishindo kimesikika, lakini kazi ni haba. Fundi mmoja Mjerumani, Wilhelm Schmidt, alitafuta dawa ya jambo hili, na mwaka 1898 injini za kwanza za reli ya Prussia zilitiwa chombo chake, kiitwacho supahita. Mvuke hutengwa na maji, kisha hurudishwa motoni, ukipita katika mabomba membamba. Huingia una joto la digrii 200 hivi, hutoka una digrii 300 na zaidi. Sasa ni mkavu, wala haugeuki maji upesi. Injini ya namna hii hufanya kazi ile ile kwa makaa yaliyopungua kadiri ya robo, na maji yake hupungua pia. Nayo ni faida kubwa kwa reli ipitayo nchi kavu kama Ugogo.

Ndugu zangu, twajua yatokeayo katika sharika zetu. Kijana apokea Kipaimara, aimba kwa sauti kuu, aahidi mbele ya wote. Na kabla ya mavuno kupita, mahali pake kanisani pako wazi. Twasema, alikuwa mnafiki. Tusihukumu upesi. Huenda moto wake ulikuwa wa kweli, ila ulimpitia mara moja tu, kisha akakutana na baridi: rafiki waliomcheka, biashara ya mawese na dagaa iliyomwita siku ya Bwana, nyumba isiyo na sala. Mvuke haujirudishi motoni wenyewe. Je, yuko mwalimu aliyemwendea? Yuko mzee aliyeketi naye na kufungua Neno? Maana moto wenyewe ni wa Mungu, nasi tumepewa kazi ya kuwarudisha watu mahali ulipo.

Liko na jambo la pili. Dereva ana vali ya kufungulia mvuke, iitwayo regulata. Maji yakiwa yamejaa kupita kiasi, naye akaifungua kwa ghafula, maji huchukuliwa pamoja na mvuke hata silindani. Na kwa kuwa maji hayashindiliki, yaweza kuvunja chuma. Tena katika injini nyingi vali hii iliwekwa kabla ya supahita. Ilipofungwa, mvuke uliokwisha pita uliendelea kusukuma kitambo, kisha mabomba yakabaki matupu katika moto, na matupu huungua. Kwa hiyo mafundi wengine waliiweka baada ya supahita, karibu na silinda. Hapo mabomba hukaa yamejaa daima, na mkono wa dereva hutiiwa mara moja.

Ndivyo walivyokuwa wanafunzi pale Yerusalemu: wamejaa, wamengoja, wakidumu katika sala. Bwana alipofungua siku ya Pentekoste, Petro alisimama akanena, na watu wapata elfu tatu wakabatizwa. Nguvu ile haikuwa ya kelele; ilikuwa imetengenezwa kwa kungoja.

Waalimu, tujiangalie. Afundishaye wengine kila siku, asilishe roho yake mwenyewe, ni bomba tupu lililo motoni. Ataungua, na watu watashangaa alivyochoka. Naye anenaye barazani kwa hasira kabla ya kuomba, hata kama anena kweli, huvunja asichoweza kukitengeneza. Yakobo alitukumbusha jinsi ulimi ulio mdogo uwezavyo kuwasha msitu mkubwa. Tujazwe kwanza, kisha tungoje mkono wa Bwana ufungue.

Basi juma hili kila mwalimu amtaje mbele za Mungu mtu mmoja aliyepoa katika kijiji chake. Asimpelekee karipio. Amwombee siku tatu, kisha aende nyumbani kwake, asome naye sura moja, waombe pamoja. Na akienda, ajue ya kuwa yeye naye arudi motoni.

Mungu, uliyewasha moto huu katika Kanisa lako, usituache tupoe, wala usituache tuungue bure. Tutie nguvu, utuongoze kwa mkono wako. Amina.