Kumsemea Mtu Aliyepo

Je, kumsemea mtu ni kumsaidia, au ni kumwondoa? Swali hili sikulipata darasani. Nililipata Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, nikisafiri na mume wangu.

Tangu tupate mapacha kila mtu humwita Ssalongo. Hutumia kiti cha magurudumu tangu alipopata ajali ya bodaboda. Tulikuwa tukitoka Kampala kwenda Mombasa. Kituoni, utingo na vijana wawili walimnyanyua bila kumwambia neno, wakampandisha kwenye basi kama gunia la mahindi, kisha wakaniambia mimi, "Tayari, mama." Nikawashukuru! Mpakani, afisa alipokea kitambulisho kutoka mkononi mwa Ssalongo, akakitazama, kisha akaniuliza mimi: "Huyu anaenda wapi?" Nikajibu. "Atakaa siku ngapi?" Nikajibu tena.

Sisi tunaosoma sarufi tunajua kwamba nafsi ya pili ni yule unayezungumza naye, na ya tatu ni yule unayemzungumzia. Ssalongo alikuwa hatua moja tu kutoka kwa afisa, lakini alikwisha kuhamishiwa nafsi ya tatu. Martin Buber, katika kitabu chake Ich und Du cha mwaka 1923, alitofautisha uhusiano wa Mimi na Wewe na ule wa Mimi na Kitu, akaongeza kwamba "yeye" anaweza kukaa mahali pa Kitu na kusibadilike lolote. Pale dirishani nilimwelewa vizuri kuliko nilivyomwelewa maktabani.

Nilikuwa na udhuru: Kiswahili cha Ssalongo ni cha sokoni, changu ni cha chuo kikuu. Lakini afisa hakulijua hilo. Aliona magurudumu tu, na mimi kwa kujibu upesi nikamthibitishia alichodhani.

Mombasa nilifanya vibaya zaidi. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na ngome hujengwa ili watu wasiingie, kwa hiyo siwalaumu kwa ngazi zao. Tulipofika penye ngazi za kupandia ukutani, mlinzi alitutazama. Kabla hajafungua kinywa nikasema, "Hatuwezi kupanda." Ssalongo akaninong'oneza kwa Luganda kwamba mimi ninaweza, na yeye hajaulizwa. Sikuwa na jibu. Ile "hatu-" yangu ilionekana ya upendo kuliko "huyu" wa afisa, lakini ilimmeza mzimamzima. Mwishowe alinituma nikampigie picha za bahari. Huko juu niliona aibu, kisha nikaiona bahari, kisha nikaisahau aibu. Nayasema haya kwa sababu wanaoandika juu ya wajibu wa kumhudumia mwenzi huandika kana kwamba mhudumu hana macho yake mwenyewe.

Kesho yake tulivuka kwa feri ya Likoni. Pale kuna mteremko mpana wa magari na mikokoteni, na kinachoufaa mkokoteni kinakifaa kiti chake. Alishuka mwenyewe katikati ya umati. Ng'ambo, mlima ulipokuwa mkali, mwenye mkokoteni mtupu alisimama kando yake akamwuliza, "Nikusukume?" Ssalongo akatikisa kichwa, akaenda, akachoka, kisha akamwonyesha kwa kidole: kuanzia hapa.

Nikusukume. Mimi nimo, wewe umo, na ile -e ya mwisho inaacha nafasi ya kukataliwa. Mtu anaweza kunipinga kwamba kuuliza kunachelewesha, na aliye ndani ya nyumba inayoungua habembelezwi. Kweli, huyo mbebe, mtazungumza nje. Lakini basi linalongoja abiria si nyumba inayoungua, ingawa utingo wote duniani wanaamini hivyo.

Tuliporudi Busia, afisa wa Kenya, mwingine, aliniuliza mimi: "Huyu anarudi wapi?" Nikatazama sakafu. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyotarajia. Ssalongo akakohoa. "Kiti yangu, na bibi yangu, sisi narudi nyumbani."

Makosa mawili, au matatu ukiwa mkali. Ulimi uliniwasha. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Afisa akacheka, akamgeukia: "Na Mombasa uliionaje?" Ssalongo akaanza kumweleza, polepole, akitafuta kila neno, na nje basi likapiga honi.