Kura ya Mtamba

Katika lugha yetu neno kura lina kazi mbili: kuchagua kiongozi, na kuiachia bahati iamue. Juu ya hiyo ya pili tuna jambo la kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita, hapa Chonyonyo, kaya tano zilihitaji msaada, na mtamba alikuwa mmoja. Tukaombwa sisi, kwa kuwa tulifundisha hesabu, tuendeshe kura. Tukatupa shilingi mara tatu. Kichwa kikija mara ya kwanza tulihesabu 4, mara ya pili 2, mara ya tatu 1. Tukajumlisha na kuongeza 1. Kwa njia hiyo hupatikana namba toka 1 hadi 8, zote kwa nafasi sawa. Lakini kaya ni tano! Tukasema, ikija 6 ni ya kaya ya kwanza, 7 ya pili, 8 ya tatu. Ikaja 7. Watu wakapiga makofi, tukafunga kwa sala.

Usiku ule usingizi ulikataa. Kaya tatu za mwanzo zilikuwa na nafasi mbili katika nane kila moja. Mbili za mwisho, moja moja tu. Na ya nne ilikuwa ya mjane, aliyeandikwa nyuma kwa sababu alitoka mbali. Ilitupasa, ilipokuja 7, kutupa upya, na tena upya, mpaka ije namba isiyozidi 5.

Mzee mmoja wa kanisa alitufariji kwa Mithali 16:33, kwamba hukumu ya kura yatoka kwa Bwana. Ni kweli. Lakini kitabu hicho hicho, 11:1, chakataa mizani ya hadaa, na mizani ile tuliitengeneza sisi. (Mitume katika Matendo 1 walikuwa na majina mawili tu, heri yao!) Hata wakubwa hukosea: huko Marekani, tarehe 1 Desemba 1969, vijana walichaguliwa kwenda jeshini kwa kura ya siku za kuzaliwa. Vidonge 366 havikuchanganywa vya kutosha, na waliozaliwa miezi ya mwisho wakatoka mapema kupita kiasi.

Je, asiyekusudia kudhulumu amedhulumu? Siku nyingi tulijitetea kwamba hapana. Lakini mtoto aliyekosea hesabu bila kukusudia, tulimwandikia kosa vilevile.

Mwishowe tukaenda kwa yule mjane, tukamweleza kwa kuchora chini kwa kijiti. Akatazama kwa muda, akauliza, "Sasa Mwalimu, kutupa tena kungewachukua dakika ngapi?"