Ajuaye Ndiye Mwenye Deni

Barabara itokayo Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kisha huingia Karatu, nchi ya udongo mwekundu, ya ngano na kahawa. Kutoka hapo huendelea mpaka lango la Ngorongoro. Wageni wa mataifa mengi huifuata njia hiyo kwenda kuwatazama faru na simba, na wengi wao husimama Karatu kununua kumbukumbu ya safari. Kando ya barabara kuna maduka ya vinyago, ya shanga na ya vito. Leo twataka kusema juu ya vito, maana ndani ya jiwe lisilozidi punje ya hindi mna swali kubwa la haki.

Tuchukue yakuti samawi. Mawe ya namna hii katika nchi yetu huchimbwa penye bonde la mto Umba, huko Tunduru na Songea, na Winza wilayani Mpwapwa. Hupita mikono mingi kabla ya kulazwa chini ya kioo cha duka. Huenda wasomaji wengine hawajui kwamba sehemu kubwa ya yakuti samawi ziuzwazo duniani zimepitishwa motoni. Jiwe lenye ukungu hutiwa katika tanuru yenye joto la nyuzi 1,600 za Selsiasi au zaidi. Sindano ndogo mno za madini zilizoleta ukungu huyeyuka, titani iliyomo hushirikiana na chuma, na rangi ya buluu hutokea au huzidi. Lakini jiwe lililotoka ardhini likiwa zuri hivyo hivyo, bila kuguswa na tanuru, ni adimu sana. Masonara wa mapambo ya fahari hulitafuta na kulilipia bei kubwa kuliko mwenzake. Tena jicho la mnunuzi wa kawaida haliwezi kuyatambua mawe hayo mawili. Yahitaji hadubini, na mtu aliyesomea.

Je, ni kosa kulipasha jiwe moto? La. Ngorongoro yenyewe ni kazi ya moto: ni mlima wa volkano ulioporomoka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, ukaacha bonde lenye kina cha mita 600 hivi. Na tanzanaiti, iliyogunduliwa Merelani mwaka 1967, karibu yote hupashwa moto ili buluu yake ionekane. Jambo hilo lajulikana sokoni, wala hakuna anayelalamika. Basi ubaya hauko katika moto. Uko katika kunyamaza.

Tunao ushahidi wa karibu. Mwaka 2001 yakuti za rangi ya machungwa na ya waridi zilianza kuonekana kwa wingi sokoni kutoka Thailand. Miongoni mwa mawe yaliyotumiwa yalikuwamo ya Songea na ya Madagascar. Wanunuzi waliambiwa kwamba yamepashwa joto tu. Mwaka 2002 wataalamu wakatambua kwamba tanuruni mlikuwa na madini yenye berili, nayo berili ilikuwa imepenya ndani ya mawe na kuyageuza rangi. Imani ya wanunuzi ikatikisika. Aliyenyamaza alichukua faida yake, na aliyekuwa na jiwe safi akaanza kuulizwa maswali kama mshukiwa.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli kwa ndizi na kwa mtungi, maana mnunuzi hubonyeza na kugonga, akajua. Lakini mbele ya vito haitoshi. Hapa vyote viwili vyajiuza, vyang'aa sawasawa, na kinachovitenga ni ulimi wa muuzaji peke yake. Kwa hiyo asemaye, “Jiwe hili halikuguswa na moto,” hauzi jiwe tu. Auza na neno lake.

Wako watakaosema: “Mgeni yule ni tajiri, ametoka mbali, kesho ataondoka. Ikiwa macho yake yameridhika, amepotewa na nini?” Twajibu kwamba amepotewa na kile hasa alichokilipia. Hakulipa kwa sababu ya buluu, maana buluu angeipata kwa fedha kidogo. Alilipa kwa sababu ya uadimu. Siku moja bintiye atairithi pete ile, naye akiipeleka kupimwa ataambiwa ukweli. Siku hiyo hatakumbuka jina la muuzaji. Atakumbuka Karatu.

Lakini haingekuwa haki kumhubiria mwenye duka na kumsahau mnunuzi. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alilichunguza swali hili katika kitabu chake kikuu cha teolojia. Alifundisha kwamba auzaye kitu kwa jina lisilo lake, naye ajua, amedhulumu. Kisha akaongeza neno ambalo wengi hulipita upesi: mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi akatambua na kunyamaza, mnunuzi huyo naye amedhulumu, na yampasa kurudisha.

Tumfikirie basi mchimbaji mdogo, miguu yake matopeni, mkononi ana jiwe la buluu. Hana hadubini. Ajua njaa ya nyumbani na karo ya watoto. Mbele yake amesimama mtu mwenye lenzi, aliyekwisha kuona kwamba jiwe hili halihitaji tanuru kabisa. Mtu huyo akisema, “Ni la kawaida,” akalipa bei ya kawaida, ametenda kosa lile lile tunalomlaumia muuzaji wa dukani, tena kwa mtu aliye maskini zaidi. Hatusemi asipate faida. Safari yake, elimu yake na hatari ya mtaji wake vyastahili malipo. Twasema tu kwamba ujinga wa mwenzake si mali yake.

Ndiyo sababu twaona ni jambo jema kwamba Arusha kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania, ambapo vijana wetu hujifunza elimu ya vito. Kijana aliyeisoma elimu hiyo hadanganywi kwa urahisi. Lakini siku hiyo hiyo yeye mwenyewe aingia katika deni, kwa kuwa sasa ni miongoni mwa wanaojua.

Wazazi wapenzi, si wengi kati yetu watakaovaa yakuti samawi. Lakini sote twauza na kununua: ng'ombe mwenye ugonjwa usioonekana, shamba lenye kesi, gunia lenye mahindi mabovu chini. Kila mara mmoja ajua na mwingine hajui. Tuwafundishe watoto wetu kwamba wakati huo ajuaye ndiye mwenye deni, na deni lenyewe hulipwa kwa neno moja la kweli, kabla fedha hazijapokelewa.