Maana ya Neno Iko Moyoni ao Masikioni?



Tunapopatanisha watu, yule aliyemuumiza mwenzake kwa neno hujitetea hivi: « Sikukusudia vile. » Je, inafaa tumwachilie?

Mwaka 1957 Mwingereza H. P. Grice, mwalimu wa falsafa, aliandika kwamba maana hutoka katika kusudi la msemaji. Lakini kusudi lenyewe ni la namna gani? Ni kutaka msikiaji alitambue, na kwa kulitambua aamini ao atende jambo. Basi msemaji huhesabu kwanza masikio ya watu wake, ndipo hufungua kinywa.

Tuangalie kwa majirani zetu. Mwaka 1994, katika Rwanda, redio RTLM ilitangaza juu ya « inyenzi », ndiyo kusema mende, na kuua watu kuliitwa « kazi ». Mende ni mdudu, na kazi ni jambo jema. Walakini wasikiaji hawakutafuta wadudu, wala hawakushika majembe. Huko Arusha watetezi walidai kwamba neno hilo lilitaja askari wa RPF tu. Waamuzi walitazama nani alisema, mbele ya nani, na wakati gani; wakaona kwamba mara nyingi lilimaanisha Watutsi wote. Tarehe 3 Desemba 2003 waliwahukumu watu watatu wa redio na wa gazeti.

Kwa hiyo, anayejua watu wake watasikia nini, kisha akasema, amekusudia kile walichosikia. Kusema baadaye « ilikuwa mzaha » hakumwokoi.

Lakini msikiaji naye asijifanye bwana wa neno. Mgeni asiyejua kwamba neno fulani ni tusi kwetu hakuweza kukusudia tusi. Huyo tumfundishe, tusimlipize.

Ndugu, sisi wa Bule tunajua neno laweza kufika wapi. Plaine Savo si mbali. Februari 2022 watu wapata 60 waliuawa pale kambini. Tukiita kabila jingine kwa jina la mnyama mbele ya vijana wenye hasira, tunajua watakavyosikia. Basi kabla ya kusema tujiulize: nani ananisikiliza, na leo atalipokeaje neno hili?

Bwana alinde vinywa vyetu. Amina.